Maharage Juu ya Ramani ya Uingereza

Siku bibi niliyekuwa nikimtunza aliponitajia jina alilozaliwa nalo, nilimuuliza kulitokea nini siku hiyo. Nilidhani ni swali la adabu. Kwetu Burundi mtoto akizaliwa anaangaliwa yeye, yanaangaliwa na yaliyowapata wazazi wake, kisha anapewa jina lake peke yake. Langu mimi, ukilileta kwa Kiswahili, ni kama kusema "tumengoja sana". La kaka yangu ni jibu kwa jirani aliyemsema mama vibaya. Baba alikuwa na lake, mama na lake, hakuna aliyemwazima mwenzake. Basi bibi aliponitamkia lile jina refu la Kijerumani, linalokwaruza koo, nikamuuliza: "Ulipozaliwa kulikuwa na nini?"

"Mvua," akasema. "Lakini jina halihusiani na mvua. Ni la baba. Na la baba yake. Na la baba yake huyo."

"Wote moja?"

"Wote moja."

"Sasa mtu akiita mlangoni, anayetakiwa mnamjuaje?"

Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.

Nilikuwa nimeanza kumtunza mwaka 2017, nyumbani kwake Cedar Hill, Texas. Mimi nakaa Grand Prairie, mji wa jirani, na mume wangu na watoto. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo mambo ya Uingereza na Ujerumani ninayoyaandika hapa nayaandika kama nilivyoyaelewa, na inawezekana sikuyaelewa yote. Tena tulizungumza Kiingereza, changu kikiwa cha kuungaunga. Maneno ya bibi nimeyaweka kwa lugha yangu. Kama nimempunguzia au nimemwongezea, si kwa kutaka.

Bibi alizaliwa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, akaolewa na askari wa ndege Mmarekani, akaja naye Texas. Mumewe alifariki akazikwa Houston, ambako anaishi mtoto wao wa pekee, mwanaume wa miaka kama sitini. Siku moja bibi alinionyesha picha ya kaburi kwenye tableti yake. Jiwe lilikuwa na majina mawili. La mume lilikuwa na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. La pili lilikuwa na mwaka mmoja na kistari, halafu patupu.

"Huyu mwingine ni nani?"

"Mimi."

Nikaiweka tableti chini. Kwetu ukiandika jina la mtu aliye hai kaburini utaulizwa unamtakia nini. Bibi akasema huku ni kawaida, mtu na mkewe wanachongewa jiwe mara moja, anayebaki anasubiriwa. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba pale alikuwa ameandikwa kwa jina la mumewe tu. Alitaka la baba yake liongezwe, chini yake kidogo, hata kwa herufi ndogo.

Mwanawe hakutaka. Nataka kumtendea haki huyu bwana, kwa sababu ukisikia upande mmoja utamwona mgumu. Alikuwa anakuja kutoka Houston kila mwezi, karibu saa nne za kuendesha, anabadilisha vichujio vya kiyoyozi, anampeleka mama yake kula samaki. Lakini aliona kuongeza jina lile ni kama mama kumtoroka baba akiwa amelala. "Watu watasema alikuwa mke wa nani?" alisema. Niliona ana hoja.

Walibishana kwenye simu, sauti ikiwa wazi, mimi nakunja nguo.

"Mama, hilo jina limekwisha. Nani atakuja Houston kulitafuta?"

"Halijaisha."

"Nitajie mmoja."

"Nikimpata mmoja? Uingereza, aliye hai, mwenye jina hilo?"

"Ukimpata nitamlipa mchongaji mwenyewe. Usipompata, mama, tuliache. Usilitaje tena."

"Na atakayeamua?"

Bibi akanitazama nikikunja nguo. Kisha akasema, "Huyu anayenipa vidonge. Namdanganya kila siku kwamba nimemeza, na hajawahi kuniamini wala kunisema vibaya."

"Sawa," akasema mwanawe. "Awe hakimu."

Hakuna aliyeniuliza. Toka siku hiyo bibi alikuwa akiniita jaji. "Jaji, chai." "Jaji, soksi zangu." Nami moyoni nilitaka ashinde, na kwa sababu hiyo nilijiogopa. Hakimu mwenye upande ni bora asiwepo kabisa.

Tulianza mwaka 2018. Bibi alinunua ramani kubwa ya Uingereza kwenye duka la vitabu vilivyotumika, tukaitandika juu ya meza ya kulia ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia. Alitaka kuchomeka pini za rangi kila mahali palipokuwa na mtu wa jina lake, lakini vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, pini zikamdondoka. Kwenye gari nilikuwa na mfuko wa maharage niliyotoka kununua. Nikayaleta.

Serikali ya kule ilikuwa ikihesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu zamani, na majina ya zamani yanaonekana kwenye mtandao kwa anayelipia. Bibi alisoma, mimi nikaweka: mtu mmoja, harage moja. Tukimaliza hesabu ya miaka ile tunapiga picha, tunayasogeza kwa miaka iliyofuata.

Siku ya kwanza akanisimamisha. "Hii nyumba ina watu sita. Mbona umeweka matano?"

"Nimemtoa mke."

"Kwa nini?"

"Ametoka kwao. Jina si lake."

"Akishaolewa ni lake. Anaacha lile la kwao."

"Analiacha wapi?"

Bibi alikaa akiitazama ramani. "Ndicho ninachotafuta," akasema.

Nikarudia nyumba zote nikiongeza wake. Nilifanya hivyo kwa sababu ramani ilikuwa yake, si kwa kuwa nilikubali. Mume wangu nyumbani ana jina lake na mimi langu, na watoto kila mmoja lake. Katibu wa shule alituuliza kwa upole kama kweli sisi ni familia moja. Binti yetu mkubwa hujibu kwa Kiingereza kila ninapomsemesha Kiswahili, na siku niliyomsimulia habari za bibi alisema angependa sana sote tuwe na jina moja, ili asiwe anaeleza eleza.

Baba yake yeye alikuwa na lake la kusema. "Mama watoto, naona maharage yetu yanaenda Uingereza kila asubuhi."

"Yanarudi."

"Yakirudi yatadai pasipoti. Sisi tumesubiri miaka kumi na mbili, yenyewe yanasafiri kwa wiki moja."

Lakini jioni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza: leo yamefika wapi?

Yalifika mbali. Mwanzo kabisa yalikuwa machache mno, yamekaa London mashariki. Bibi alisema Wajerumani wa kule walikuwa wakichemsha sukari, kazi ya joto kali ambayo wenyeji hawakuipenda. Miaka ikasogea, likatokea harage Yorkshire, peke yake. Miaka kumi tena, yakawa rundo dogo pale pale, na mengine kwenye mji wa jirani. Hao ndio wa kwao. Walikuwa wauza nyama ya nguruwe. Walitoka kijiji kimoja kusini mwa Ujerumani, ambako shamba lilikuwa linaenda kwa mtoto mmoja na waliobaki wanajitafutia. Na kwa nini Yorkshire? Kwa sababu ya viwanda vya nguo. Wanawake walikuwa kiwandani mchana kutwa, hakuna wa kupika, na Mjerumani alikuwa anauza soseji na nyama iliyokwisha kuiva, ya moto, hapo hapo dirishani. Alijua kumtumia nguruwe kuanzia pua mpaka mkia.

Hilo la rundo lilinifurahisha kuliko yote, maana nililijua. Mrundi wa kwanza akipata kazi kwenye ghala anampigia simu shemeji yake, shemeji anamwita rafiki waliyekuwa naye kambini, na ukipita baada ya mwaka unasikia Kirundi mstari mzima wa kufungasha. Mtu wa mbali akiangalia ramani atasema Warundi wanapenda sana Grand Prairie. Nani alipenda? Kulikuwa na shemeji.

Wale wa London walitusumbua. Bibi alitaka wawe ndugu zake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amenieleza kwamba wachemsha sukari walitoka kaskazini ya Ujerumani, mbali na kijiji chao. Na jina lenyewe lilikuwa na maana ya mtu wa mahali penye miti fulani inayoota kando ya maji. Nikamwambia, "Bibi, miti ya kando ya maji iko kijito kimoja tu Ujerumani nzima?"

"Unaniua, jaji."

"Nauliza tu."

Tukakubaliana: wa Yorkshire waendelee kuwa maharage mekundu, wa London nikawaletea ya njano, mpaka tutakapojua. Hatukujua kamwe.

Kisha tukafika baada ya vita ya kwanza, kwenye orodha ya mwaka 1939, na nikadhani tumekosea. Rundo lote la Yorkshire lilikuwa limebaki maharage matano. Ya njano, mawili. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Vile vile.

"Walikufa vitani?"

"Wachache. Wengine walirudishwa Ujerumani, walikokuwa hawamjui mtu. Waliobaki walibadili jina."

Ndipo aliponieleza habari ya baba yake. Vita ilipoanza alikuwa kijana, aliyezaliwa pale pale Yorkshire, na duka lilikuwa la babu. Watu wale wale waliokuwa wakipanga foleni kununua soseji walikuja wakavunja vioo. Kaka yake akaenda kwa wakili akachukua jina la Kiingereza, jepesi, la kila mtu. Baba akakataa. Alisema vioo vimeshavunjika, hawezi kuvunja na kilichobaki. Ndugu wawili wale hawakusemeshana tena. Na baba alilipa: hakupata mkopo, hakuuza vizuri, na vita ya pili ilipokuja ni binti yake, yaani bibi huyu, aliyetupiwa matope akitoka shule.

"Kwa hiyo nilipoolewa," akasema, "nililivua jina lile kama koti lililolowa. Niliona raha. Baba alisimama kanisani anasikia nikiitwa kwa jina jipya, na mimi nimefurahi, na yeye ananiona nimefurahi."

Alikuwa ameshika harage moja jekundu, analizungusha. Nilijua sasa ni kwa nini alilitaka jina lile kwenye jiwe. Nilimpaka dawa ya vidole.

Hesabu za miaka ya karibu hazionyeshwi kwa watu, kwa hiyo kutoka pale tulitafuta kwenye orodha za simu, matangazo ya misiba, popote. Tulipata waliokufa tu. Mwanzoni mwa 2019 lilibaki harage moja, kwenye mji wa pwani ya Yorkshire: mtu mwenye jina lile lile, herufi kwa herufi, aliyeuza baiskeli ya mazoezi kwenye mtandao. Bibi akamwandikia. Jibu likaja kwa furaha: ndiyo, ndilo jina letu, tuzungumze.

Bibi alimwita mwanawe aje Jumamosi, ashuhudie. Alivaa lulu. Mimi nilisimamisha tableti kwenye kopo la sukari, na kwenye kioo akatokea mama wa makamo, uso mwekundu, mbwa mapajani.

"Kwa hiyo nyie ndio wa Amerika! Mungu wangu, joto huko?"

Alikuwa mchangamfu, anasema haraka. Alisema mume wake alikuwa dereva wa lori na alikuwa na jina hilo tangu kuzaliwa, na alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Hawakupata mtoto. Mdogo wake mume alikufa akiwa mdogo. "Alikuwa wa mwisho, na alikuwa akijisifu kwa hilo, mjinga yule. Sasa nimebaki mimi na mbwa."

Bibi akauliza, sauti chini, kama mumewe alikuwa akisema walitoka wapi.

"Uholanzi! Babu yake alikuwa akimwambia kila mtu wao ni Waholanzi."

"Hawakuwa Waholanzi."

"Najua sasa! Lakini wakati wa vita, mpenzi wangu, afadhali Mholanzi."

Bibi alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. Mwanawe akamshika bega. Walizungumza karibu saa nzima. Kama mume yule alikuwa wa rundo la Yorkshire au la London, mama yule hakujua, na sisi hatukuweza kujua.

Simu ilipokatwa bibi aligeuka. "Haya. Huyo hapo. Yuko hai, yuko Uingereza, ana jina."

Mwanawe alijikuna shingo. Nilimwona hakufurahia kusema. "Mama, ni mtu mzuri sana. Lakini ameolewa tu pale. Jina si lake."

"Ameolewa tu," bibi akarudia.

"Ndiyo."

"Kama mimi kwenu."

Kisha wote wawili wakanitazama.

Niliomba dakika chache nikaenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilitaka kutafuta njia ya kumpa bibi ushindi. Ilikuwepo moja rahisi: mwenye jina ni anayeitwa kwa jina hilo, basi, na mama yule anaitwa hivyo hata kwenye bili ya gesi. Lakini nikiisema hiyo, nimesema kuolewa kunampa mtu jina kweli kweli. Na kama kunampa mmoja, kumemnyang'anya mwingine. Bibi angeshinda dau na asibaki na jina la kuandikisha. Nikiishika ya kwetu, kwamba jina ni la aliyezaliwa nalo na ndoa hailigusi, basi bibi alikuwa nalo miaka yote bila kujua. Ila ameshindwa, kwa sababu Uingereza hakuna mtu.

Nilirudi nikawaambia hivyo, kwa Kiingereza changu, nikijikwaa.

"Kwa hiyo?" bibi akauliza.

"Kwa hiyo umeshindwa, bibi. Harage la mwisho haliko kule. Liko hapa Cedar Hill."

Mwanawe alitazama ramani muda mrefu, kisha akaenda nje kuangalia gurudumu la gari ambalo halikuwa na tatizo. Mimi nikirudi nyumbani nilipitiliza njia ya kutokea, nikajikuta karibu na uwanja wa ndege.

"Ungemwachia tu," mume wangu alisema. "Mzee wa watu. Jiwe lake mwenyewe."

"Ningekuwa hakimu gani?"

"Hakimu wa maharage," akasema, lakini kisha akanimiminia chai.

Mpaka leo sina hakika. Kuna siku naona nilikuwa sawa, kuna siku naona nilipenda tu kuonekana sawa.

Bibi alishika ahadi. Jumatatu nilikuta ramani imekunjwa, maharage yako kwenye bakuli, mekundu na ya njano yamechanganyika. "Yapike," akasema. Nikayapika kwa vitunguu na mafuta ya mawese, tukala Uingereza yote, na hakutania hata mara moja. Jina lile hakulitaja tena. Aliendelea kuniita jaji, na nilifurahi kwa hilo.

Mwisho wa mwaka ule mwanawe alituomba twende Houston, ilikuwa siku ya kuzaliwa ya marehemu. Niliendesha mimi. Makaburi yenyewe yalikuwa tambarare, nyasi zimekatwa fupi kama zulia, na magari ya barabara kuu yanasikika. Nilimsukuma bibi kwenye kiti chake mpaka penye jiwe. Nililiona kwa macho yangu sasa, lile jina lake na kistari chake. Sikulizoea.

Mwanawe aliweka maua upande wa baba. Kisha akapiga goti upande wa mama, akapangusa vumbi, akaanza kupima kwa vidole nafasi iliyokuwa chini ya jina.

"Lina herufi ngapi?" akauliza bila kugeuka.

Bibi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Ulishinda," akamwambia mwanawe. "Jaji alishaamua."

"Nilishinda, ndiyo. Kwa hiyo wewe huwezi kudai. Mimi kukupa hakuna aliyenikataza." Kisha akanigeukia. "Au nimekosea?"

Nilifikiri kidogo, maana niliulizwa kama hakimu. "Hujakosea," nikasema.

Akatoa kalamu mfukoni. Karatasi hakuwa nayo, akakunjua kiganja chake. "Nitajie, mama. Sijawahi kuliandika."

Bibi akaanza kumtajia herufi moja moja, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Akafika katikati akachungulia kiganja, akasema, "Siyo hivyo," akamrudisha mwanzo.